Kutafuta Maskani Dar es Salaam

Katika mambo yampasayo mtu mzima kuyafikiri kwa utulivu kabla hajayatenda, baada ya ndoa na deni, sioni lililo zito kuliko kuchagua mtaa wa kukaa katika mji ambamo hakuzaliwa. Kwani nyumba mbovu hutengenezwa, na kodi ghali hupunguzwa kwa maneno mazuri, lakini mtaa hautengenezwi na mpangaji wala haupunguzwi na dalali, na aliyekosea kuuchagua hulala ndani ya kosa lake kila usiku mpaka mkataba uishe.

Sababu ya safari yangu ilikuwa kazi. Ofisi niliyoitumikia Tanga iliamua kunihamishia makao yake makuu Dar es Salaam, ikanipangia na posho ya nyumba iliyotosha, kama ningeitumia kwa hadhari, kunifikisha kwenye mitaa ya watu wenye nafasi, ambayo katika ujana wangu niliitazama kwa dirisha la basi tu. Sisi watu wa Tanga si wageni wa jambo hili. Tunayo Raskazoni yetu, iliyojitenga ukingoni mwa bahari kwa majumba yenye bustani na miti mikubwa, na tunayo Ngamiani, iliyopangwa kwa barabara zenye namba, ambako watu hukaa nyumba kwa nyumba na harufu ya mchuzi wa jirani haihitaji ruhusa kuingia. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, wala sikuona haya kutaka, katika umri huu, kukaa mahali penye mti mbele ya mlango na upepo wa bahari dirishani.

Mke wangu hakunizuia, ila alinifunga kwa masharti matatu kabla sijapanda basi. "Baba watoto," aliniambia, "mimi sina shida na jina la mtaa. Niangalizie maji: yawe matamu, na yawe yanatoka. Niangalizie ardhi: masika isije ikatukuta tumejitwika magodoro. Na niangalizie jirani: nataka mlango ambao nikipiga hodi mtu ataitika. Hayo mengine utakayoyatafuta ni fahari yako." Nikayakariri masharti hayo njia nzima.

Njia yenyewe ni ya kilomita 350 hivi, kwa Muheza na Segera, kisha kusini kuvuka mto Wami mpaka Chalinze, ambako barabara itokayo kaskazini hukutana na ile itokayo Morogoro. Tangu hapo magari huzidi na mwendo hupungua, mpaka kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi, ambako zamani palikuwa shamba na sasa abiria hushukia katikati ya umati. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi wa mkoa huu kuwa milioni 4.3 na ushei. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta wamepita milioni 5.3. Milioni nzima ya mahuluki, iliyoongezeka katika muda wa miaka kumi, yote inataka paa. Basi si ajabu kwamba udalali wa nyumba katika mji huu umekuwa kazi ya vijana wengi, na kwamba mpwa wangu wa Magomeni, niliyefikia kwake, alikuwa amekwisha nipatia namba za simu za madalali kadhaa kabla sijanawa uso.

Mtafutaji wa nyumba asiyeijua tarikhi ya Dar es Salaam huona mitaa imesambaa ovyo. Aijuaye huona ndani yake mkono wa sheria. Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alianza kujenga hapa katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima, naye akafariki mwaka 1870 kazi haijatimia. Wadachi walipohamisha makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walijichukulia upande wa mashariki ulio kando ya maji, ambako upepo wa bahari hufika kwanza, kabla haujapita juu ya jiko wala choo cha mtu mwingine. Na Waingereza, walioushika mji mwaka 1916, waliuona mpangilio ule unawafaa, wakauendeleza. Pakawa na Uzunguni, pakawa na Uhindini, pakawa na Uswahilini. Na baina ya maduka ya Wahindi na Kariakoo uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi, kwa kisingizio cha afya, ili watu wasichanganyikane. Uzunguni ulipojaa, ulivuka mlango wa mto Msimbazi kwenda kaskazini, viwanja vikakatwa vipana juu ya mawe ya matumbawe ya Oyster Bay. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 sheria za kubagua watu ziliondoka, lakini upepo ulibaki palepale, na ulipobaki upepo ilibaki na thamani. Wakubwa wapya waliingia katika nyumba za wakubwa wa zamani, na jina la mtaa halikushuka hata kidogo.

Kwa kuyafikiri hayo niliazimia kwamba sitaununua mtaa kwa jina lake. Nitauuliza kila mmoja sababu iliyoufanya uwe aali, na kama sababu hiyo ingali hai au imekwisha kufa ikabaki sifa.

Nilianza Masaki, kwa kuwa ndiko kila dalali alikotaka kunianzisha. Aliyenichukua alikuwa kijana mwenye simu mbili na miwani ya jua, mwepesi wa shikamoo, tukaenda kwa bajaji kupita barabara ya Toure, bahari ikiwa mkono wetu wa kulia na minazi ikiinama juu ya ukingo wa Coco Beach, ambako siku za mapumziko watu wa mitaa yote humiminika kula mihogo ya kukaanga na mishikaki. Rasi ya Msasani ina nyuso mbili: uso wa mashariki hutazama bahari kuu, na uso wa magharibi hutazama ghuba tulivu ambamo ngalawa na mashua hutia nanga. Nyumba za mashariki hupigwa na kusi tangu masika mpaka karibu na vuli, na upepo huo ni neema kwa mtu alalaye na ni adui mkubwa wa chuma. Katika nyumba ya kwanza niliyotiwa ndani, madirisha yalikuwa na nondo zilizopakwa rangi nyeupe ya kung'aa. Nilipitisha ukucha juu ya moja; rangi ikapasuka, kutu ikabanduka kwa tabaka, na mahali penye unene wa kidole pakabaki kitu chembamba cha kukatika kwa mkono.

"Hiyo ni chumvi tu, mzee wangu," alisema kijana. "Mwenye nyumba atapiga rangi."

"Mwanangu," nikamjibu, "rangi imekwisha pigwa."

Alicheka kwa insafu, akanipeleka upande wa ghuba, kwenye jengo jipya la ghorofa lenye lifti, jenereta, bwawa la kuogelea na geti la chuma linalofunguka lenyewe. Mlinzi alituandikisha katika daftari: jina, saa, mtu unayemwendea. Vyumba vilikuwa vya kupendeza, sina la kuvitia dosari. Maji yalitoka kwa nguvu, na ardhi ya rasi imeinuka, haiogopi mvua. Masharti mawili yalikuwa yamekwisha timia. Tulipokuwa tukitoka nilimwuliza mlinzi, mtu mzima mwenye adabu, mlango wa pili wa ghorofa ile anakaa nani. Alifikiri kitambo, kisha akasema, "Mzee, gari lake nalijua."

Kuhusu fedha, msomaji atakayeifuata njia yangu ajue haya. Kodi za rasi ile kwa muda mrefu zilitajwa kwa dola za Marekani, kwa sababu wapangaji wengi walikuwa watu wa balozi, wa mashirika na wa makampuni ya nje. Lakini tangu mwezi wa Machi 2025 kanuni za serikali zimekataza bei za ndani ya nchi kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Kijana wangu aliitii kanuni kwa dhati ya ulimi: alitaja shilingi, ila kabla ya kuzitaja alinyamaza kidogo, midomo ikicheza, hesabu ya kuzidisha ikisomeka usoni. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Na katika majengo ya ghorofa huongezwa gharama za huduma, yaani ulinzi, usafi, lifti na mafuta ya jenereta, ambazo mgeni asipoziuliza mapema hukutana nazo baada ya sahihi. Umeme kila mtu hujinunulia kwa LUKU yake, na ni busara kuihakikisha namba ya mita kabla ya kuingia, maana wako waliorithi deni la mtu wasiyemjua.

Nilipomaliza na dalali sikurudi Magomeni moja kwa moja. Niliteremka kwa miguu hadi Namanga ya Msasani, ambako rasi inaungana na bara, nikakaa kwenye benchi la mama mmoja auzaye chapati na maharage. Msasani ni kijiji cha wavuvi kilichokuwapo kabla ya majumba yote niliyokuwa nimeyaona asubuhi ile, na Mwalimu Julius Nyerere alipendelea kukaa katika nyumba yake ya huko hata alipokuwa Rais. Kandokando yangu walikuwa wapishi, watunza bustani, madereva na yaya, wengine wakitoka zamu na wengine wakiingia, waliofika kwa daladala mbili au tatu kutoka Mbagala, Tandale na Gongo la Mboto. Hapo nilifahamu jambo ambalo dalali hawezi kulitia katika orodha yake ya vyumba na mabafu: kwamba mtaa wa fahari hauna soko lake, hauna fundi wake wala muuza samaki wake, bali hukopa vyote hivyo kwa mtaa mnyonge ulio jirani, na kwamba uzuri wa kukaa mahali, kwa mtu kama mimi asiyetaka kutia ufunguo kwenye gari kila anapotaka ndimu, hupimwa kwa umbali baina ya mlango wake na benchi kama lile.

Siku iliyofuata ilikuwa ya Mikocheni. Viwanja vyake ni vya haja, barabara zake za ndani zina vivuli, na watu wa makamo wenye vyeo vyao wamekaa huko miaka mingi wakijuana. Ningeweza kuishia pale lau si sharti la pili la mke wangu. Nyumba niliyoonyeshwa ilikuwa upande ulioshukia Bonde la Mpunga, nchi ya chini ambayo wajenzi waliivamia, na maji yaliyozoea kupita kwenda baharini yakakuta kuta. Sebuleni palikuwa na kabati zito limeegeshwa ukutani. Nilimwomba dalali tulisogeze, naye akatii shingo upande. Nyuma yake, kiasi cha kimo cha goti, palikuwa na mstari ulionyooka wa rangi ya chai ya maziwa, ukizunguka chumba kizima kila palipokuwa pamefichwa na samani. Haikuhitaji shahidi mwingine. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu katika mji huu na kuwahamisha wengi wa bonde la Msimbazi, wakapelekwa Mabwepande. Na tangu hapo kila masika kali hurudia somo lilelile kwa maskini wa Jangwani na kwa tajiri aliyejenga bondeni, kwa tofauti hii tu, kwamba maskini hupoteza kitanda na tajiri hupoteza gari.

Nilikwenda pia Mbezi Beach, nikapita mpaka Mbweni. Huko ndiko mji unakokwenda. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima sehemu za Mbweni na nyinginezo pembezoni mwa mji, na leo ziko nyumba za fahari kubwa, zenye nafasi ambayo rasi ya Msasani haiwezi tena kuitoa. Anayetaka kununua na kujenga, badala ya kupanga, huko ndiko pa kutazama, akikumbuka kwamba ardhi ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na anachouziwa ni haki ya kuitumia kwa muda ulioandikwa katika hati, aghalabu miaka 33, 66 au 99; kwa hiyo asitoe fedha kabla hajaitafuta hati hiyo kwa Msajili na kuona jina la muuzaji ndilo lililomo, na kwamba haikuwekwa rehani benki. Lakini katika nyumba niliyoipenda Mbezi Beach niliomba kunawa mikono, na sabuni ikakataa katakata kutoa povu. Kisima, nikaambiwa, na maji ya DAWASA nayo yapo, ila kwa siku zake. Mengine huletwa kwa boza. Saa za asubuhi, kutoka huko kwenda katikati ya mji, umbali wa kilomita 20 hivi, barabara ya Bagamoyo huyakusanya magari ya kaskazini yote na kuyabana Mwenge, kisha ikayabana tena kwenye makutano ya Morocco. Nilifikiri nitakavyotoka nyumbani watoto wamelala na kurudi wamelala, nikamshukuru kijana aliyenitembeza, nikaondoka.

Ikabaki Upanga, ambayo hakuna dalali aliyenitajia kwa hiari, maana ujira wa huko ni mdogo kuliko wa Masaki. Mtaa huu ulistawi hasa katika miaka ya 1950, na waliojenga wengi walikuwa wenzetu wenye asili ya Bara Hindi, waliotaka nafasi zaidi ya ile ya vyumba vya juu ya maduka ya Uhindini. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi ya Upanga yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, kisha katika Shirika la Nyumba la Taifa. Baadhi ya wenyewe walihama nchi, na wengine wakabaki kuwa wapangaji katika nyumba walizozijenga. Sifa yake ya kale imefifia, na maghorofa mapya yanapanda kila uchochoro. Walakini sababu zake zingali hai. Upande ulioinuka hauogopi mvua. Muhimbili iko pale pale, na hospitali ya Aga Khan haiko mbali. Shule za Azania, Jangwani, Zanaki na Tambaza zimo ndani yake. Na mtu mwenye miguu mizima huenda mjini akafika kabla jasho halijamtoka. Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022, likapita juu ya bahari kwa kiasi cha kilomita moja, hata anayetamani upepo wa Oyster Bay na mihogo yake huufikia kwa dakika chache bila kusongamana kwenye daraja la zamani la Selander.

Nyumba niliyoiona ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la zamani, bila lifti, yenye dari za juu na roshani pana inayotazama mwarobaini mkubwa. Safari hii sikumwuliza dalali lolote. Nilivuka kidaraja cha ngazi, nikapiga hodi mlango wa pili. Aliyefungua alikuwa bibi wa makamo aliyevaa shali nyepesi begani, na Kiswahili chake kilikuwa cha Dar es Salaam halisi, cha mtu aliyezaliwa nacho.

"Karibu, baba. Umekwisha lipa, au unakuja kuuliza?"

"Ninauliza, mama."

"Vizuri. Wengi huuliza wakisha lipa."

Akaniketisha, akaniambia yote kwa mpango. Maji ya bomba ni matamu, lakini hayapandi juu bila pampu, na pampu ile hunguruma alfajiri. Kila nyumba ina tangi lake darini, na langu lilikuwa na ufa, nimwambie mwenye nyumba alibadilishe kabla sijatia sahihi. Kunguru hawastahimiliki, nisianike nyama wala samaki roshanini. Mahali pa kuegesha gari hugombaniwa. Samaki wa kweli huletwa na kijana wa baiskeli, siku za kazi, kabla ya saa tatu. Kisha akaniuliza mke wangu ni wa wapi, nami nilipomwambia Tanga, akasema kwa hima, "Basi msije mikono mitupu, msimu wa machungwa ya Muheza mnaujua."

Nilirudi kwa mwenye nyumba nikamtajia ufa wa tangi, akashangaa nimeujuaje bila kupanda darini. Tangi jipya liliwekwa. Nikachukua barua ya utambulisho niliyopewa Tanga nikaipeleka ofisi ya serikali ya mtaa, kama adabu na sheria zinavyotaka, mwenyekiti akaniandika katika kitabu chake.

Simlaumu aichaguaye Masaki. Kazi za wengine zinawataka huko, na ukimya wa nyuma ya geti ni tunu kwa mtu aliyechoshwa na watu mchana kutwa. Ila nimejifunza kwamba bei ya mtaa hutungwa kwa vitu vingi vilivyochanganywa, upepo, ardhi, maji, barabara na jina, na kwamba jina, lililo hafifu kuliko vyote, ndilo huchukua sehemu kubwa ya kodi. Basi mwenye posho ya kiasi akiweza kuliacha jina kando, hubaki na fedha ya kutosha kuvinunua vile vingine vinne. Mkataba nilitaka uwe wa miezi sita, si wa mwaka, na mwenye nyumba akaridhia baada ya maneno. Maana sharti la maji na la ardhi nilikwisha yahakikisha kwa macho yangu, lakini la jirani, pamoja na bibi yule na karibu yake yote, mke wangu peke yake ndiye awezaye kulitolea hukumu. Akija akaona sivyo, Masaki haihami.